Commando ya Ikutha

Kuna onyesho moja linalopendwa sana na watu wa jukwaa huko nje. Mtu mmoja, jukwaa tupu, hana seti wala mavazi ya kubadilisha, anacheza filamu nzima uliyoipenda ukiwa mtoto. Mfano unaotajwa kila mara ni Mkanada Charles Ross. Zile Star Wars tatu za kwanza zote ziko kichwani mwake, na anazimaliza kwa saa moja hivi, amevaa ovaroli tu, akitoa milio ya vyombo vya angani kwa midomo. Anakuwa baba, anakuwa mwana, anakuwa roboti, anakuwa hata muziki wa kufungulia. Watu wazima wanacheka hadi wanafuta machozi kwa sababu wanaijua kila pumzi ya ile filamu, na jamaa anawaonyesha kwamba waliipenda bila kuiangalia vizuri.

Sina neno na Ross. Neno langu ni na wale wasee wa Nairobi wanaomtazama kwenye simu halafu wanaandika, kwa huzuni ya kisomi, kwamba sanaa kama hii bado haijatufikia. Ati tunangoja msanii jasiri wa kwanza. Ati hadhira yetu bado haijakomaa.

Hadhira gani? Ile ya Ikutha ilikomaa ikiwa na miaka tisa.

Kama hujawahi kufika: unaiacha barabara kuu ya Mombasa pale Kibwezi, Makueni, unavuka mto Athi, unaingia Kitui Kusini, na kabla ya Mutomo unakuta Ikutha. Nchi ya jua, mibuyu, ndengu, mbuzi na punda waliobebeshwa mitungi ya maji. Sisi tuliokulia huko, au tuliopelekwa huko kila likizo kwa sababu ndiyo shags, hatukuwa na jumba la sinema. Tulikuwa na kibanda cha video. Mabati, mabenchi, televisheni moja, na jenereta nje iliyokohoa kama mzee. Shilingi kumi. Na filamu ikianza, palikuwa na mtu anayeongea juu yake.

Huyo anayeongea ndiye mada yangu. Wengine tulimsikia kutoka kwenye diski, maana filamu zilikuja zikiwa tayari zimesimuliwa. Jina kubwa kuliko yote ni DJ Afro, James Muigai, ambaye sauti yake imesikika Kenya hii kwa vinyozi, kwenye mabasi ya usiku na kwenye vibanda vya chai, kuliko ya mwigizaji yeyote aliyewahi kukanyaga jukwaa la Kenya National Theatre. Lakini diski ikija bila usimulizi, kibanda chetu hakikukwama. Mwenyewe alipunguza sauti ya televisheni, akasimama kando ya skrini, akafanya kazi kwa mdomo wake. Mtu mmoja. Filamu ya utotoni. Vicheko. Sasa niambieni nyinyi mliosoma sanaa za maonyesho, hicho kilikuwa nini?

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba ilikuwa tafsiri. Watu hawakujua Kiingereza, kwa hiyo jamaa aliwafasiria. Jibu hili linatolewa kwa upole na linaudhi kuliko tusi. Mfasiri ana deni kwa yule anayemfasiria. Mhusika akisema neno, naye analitafutia mwenzake. Msimulizi wa Ikutha hakuwa na deni kwa mtu aliye ndani ya skrini. Deni lake lilikuwa kwetu sisi kwenye mabenchi, tuliolipa. Aliisema hadithi, ndiyo, kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Sheng aliyoiokota Kibwezi kwa matanboi. Lakini nusu ya maneno yake yalikuwa dhidi ya filamu. Aliuliza ni kwa nini risasi mia tatu zinamkosa steringi, ilhali steringi akifyatua bila kulenga wanaanguka wanne. Aliuliza baba anayelea binti peke yake mlimani anahitaji bunduki zote hizo za nini. Alimsubiri mkuu wa majambazi amalize hotuba yake ndefu, halafu akatuambia huyu angekuwa chifu. Hayo ni maswali ya mhakiki. Yalitolewa kwa kichekesho kwa sababu kichekesho ndicho kilicholipa mafuta ya jenereta.

Na ni kazi ngumu kuliko ya jukwaani, bana. Mchekeshaji wa jukwaani anatupa neno, watu wanacheka, anangoja kicheko kiishe, anakunywa maji, anaendelea. Msimulizi hana anasa hiyo. Filamu haimngoji. Neno lake likichelewa nusu sekunde, Arnold ameshahama chumba. Kwa hiyo anatafuta mwanya: pale mlango unapofungwa, pale gari linapowashwa, pale mtu anapovuta pumzi kabla ya kupiga kelele, na anaingiza kichekesho chote hapo kisha anatoka kabla ya mlipuko. Anafanya sauti ya mwanamume, ya mtoto, ya jambazi, ya helikopta, na sauti yake mwenyewe inayomsengenya kila mmoja wao. Akikosea, hadhira haimpigii makofi ya heshima. Inamwambia anyamaze waone filamu.

Nitaitumia Commando kwa sababu ndiyo tuliyoijua kama sala. Ilitoka 1985, mwelekezi Mark L. Lester, Arnold Schwarzenegger akiwa John Matrix, mwanajeshi mstaafu anayebeba gogo zima begani kwa mkono mmoja na kumlisha paa pamoja na binti yake Jenny. Majambazi wanamteka binti. Dikteta aliyepinduliwa wa kijinchi cha kubuni kiitwacho Val Verde anamtaka Matrix akamuue rais wa nchi hiyo ili yeye arudi madarakani. Matrix anatoroka kwenye ndege, na mwishowe anafika kwenye kisiwa ambako dikteta amejificha na jeshi lake, anajipaka rangi usoni, anafunga mabomu kila mfuko, anawaua wote. Wote kabisa. Kwa bunduki, kwa visu, na wakimfungia kwenye banda la zana anawaua kwa shoka, kwa uma wa nyasi na kwa misumeno ya duara anayoirusha kama sahani.

Ukiwa mtoto unahesabu maiti. Ndiyo raha yake. Hollywood imeitengeneza filamu hiyo ili usiwaangalie wanaokufa, uangalie tu namna wanavyokufa. Hawana majina, hawana sura, wanatoka mbio kwenye mabanda yao na kuanguka.

Msimulizi wetu aliwapa majina.

Kila askari aliyeanguka aliitwa mtu. Huyu ni Musyoka, alibadilishana zamu na mwenzake ili Jumapili aende harusi. Huyu ni Mutua, mshahara wa miezi mitatu hajalipwa na bado anaambiwa alinde kisiwa. Yule aliyerushwa juu na bomu alikuwa ameanza kazi leo, hata sare ni ya kuazima. Na kila aliyebaki hai kwa sekunde mbili zaidi alipewa sauti ya kujitetea: bosi mwenyewe yuko ndani ya nyumba kubwa, mbona mnamalizana na sisi wa geti? Tulicheka, manze, tulicheka hadi mabenchi yakalia. Lakini angalia ni nani waliokuwa wanacheka. Ikutha, kama Ukambani kote, ni nchi ya askari na walinzi. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika KAR enzi za Mwingereza, ambaye aliwasifu kwa ukakamavu kisha akawatuma Burma. Baada ya uhuru waliingia jeshini, polisi, na wengine wengi wakaishia kwenye mageti ya Nairobi na Mombasa, na rungu, tochi na redio ndogo. Kwenye lile benchi hapakuwa na mtoto asiyekuwa na baba, mjomba au babu aliyewahi kulinda mali ya mtu mwingine usiku. Mwanamume mwenye misuli kutoka Marekani alikuwa anaua wajomba zetu, na jamaa wa maiki alituonyesha hivyo bila kutuharibia utamu wa filamu hata kidogo. Tuliendelea kumshangilia Arnold. Tuliendelea pia kumhurumia Musyoka. Kichwa cha mtoto kinaweza kubeba vyote viwili, na ni wachekeshaji wachache sana wanaokiamini hivyo.

Sasa tulinganishe na kinachoitwa kichekesho cha Mkamba kwenye majukwaa yenye taa. Simtaji mtu, mnawajua. Mchekeshaji anapanda, anatangaza kwamba yeye ni mlinzi, anaweka m mbele ya kila b na n mbele ya kila d, anataja uchawi, anataja mtungi wa maji wa njano, ukumbi unalipuka. Nimekaa kwenye kumbi hizo. Nimecheka pia, kwa sababu lafudhi ya nyumbani ikisikika mjini mwili hucheka wenyewe. Lakini hebu niambieni mlinzi huyo alisema nini. Alikuwa na maoni gani? Alimwona nani kule ndani ya nyumba anayoilinda? Hakuna. Lafudhi ikiisha, kichekesho kimeisha. Kule kibandani mlinzi alikuwa mtu wa kubuni ndani ya filamu ya kigeni na bado alikuwa na zamu, mshahara na malalamiko. Ukumbini ni mtu wa Kenya, mnapishana naye getini kila asubuhi, na hana chochote zaidi ya konsonanti.

Mtaniambia kuigiza ni kuigiza. Kuna kuigiza na kuigiza. Redykyulass walimwigiza Moi akiwa bado Ikulu, na nchi nzima ikacheka ikiangalia mlango. Waliangalia juu. Msimulizi wa Ikutha aliangalia juu pia: Hollywood, jeshi la Marekani, dikteta, steringi asiyekufa. Kumwigiza mlinzi ili wenye nyumba wacheke ni kuangalia chini, na shingo haiumi. Wakamba wenyewe wana myali, nyimbo za kumsuta mkosaji mbele ya watu wote, na ninashuku kwamba jamaa wetu wa maiki alirithi zaidi huko kuliko kwa mchekeshaji yeyote wa televisheni.

Hapa ndipo mtu mwenye shahada ya sheria anainua mkono. Ni wizi, anasema. Zile diski zilinakiliwa bila kibali, mwenye filamu hakulipwa, na wewe unauita wizi sanaa.

Sawa. Diski hazikuwa na kibali, na aliyezinakili kwa maelfu akaziuza mtaani alikuwa anauza mali ya watu. Silitetei hilo. Lakini kunakili diski na kusimama kando ya skrini ukaicheka filamu ni matendo mawili, na uvivu wa mjadala wetu ni kuyafunga kamba moja. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kundi la 2 Live Crew waliokuwa wameugeuza wimbo wa Roy Orbison kuwa mzaha, kwamba mzaha juu ya kazi ya mtu unaweza kuwa matumizi halali hata kama unauzwa. Uingereza iliingiza mzaha wa aina hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2014. Na Ross, yule wa ovaroli, anafanya onyesho lake kwa ruhusa ya Lucasfilm, wenye Star Wars. Kwa hiyo huko zinakotoka hizi filamu, mtu wa kuzicheka ametengenezewa mlango. Anaweza kuingia, akalipa kinachostahili kulipwa, akafanya kazi yake mchana.

Huku kwetu? Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyozaliwa ukoloni ukiwa unafunga virago, na tuna bodi inayosimamia uainishaji wa filamu. Afisa akiingia kwenye kibanda anatafuta leseni na diski. Vitu hivyo viwili. Yule anayeongea hayupo machoni pake, isipokuwa kama mtu wa kupakiwa kwenye gari pamoja na televisheni.

Na tukianza kuulizana nani mwizi, tusiishie Ikutha. Mwaka huohuo wa 1994 Disney walitoa The Lion King, filamu ya utotoni kwa nusu ya dunia, wakachukua Kiswahili chetu wakawabandika wanyama: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Sisi tulifurahi, nani asingefurahi kusikia Kiswahili ndani ya sinema ya Marekani? Halafu wakaenda kusajili maneno Hakuna Matata kama alama ya biashara kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 wakapewa. Maneno ambayo kila mtoto wa Pwani aliyatamka kabla hajaota meno, na ambayo Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameshayaimba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilibidi ifike 2018 ndipo ombi la mtandaoni, lililoanzishwa na Mzimbabwe, likusanye sahihi zaidi ya laki moja za kulalamika. Kampuni inayochukua maneno ya watu na kuyaweka muhuri ina mawakili. Jamaa wa maiki anayechukua filamu na kuiwekea maneno ana jenereta. Mizani hiyo mtu asinifundishe uaminifu nayo.

Kuongea juu ya filamu, kwanza, si uzembe wa nchi maskini. Wajapani walikuwa na benshi, wasimulizi wa filamu zisizo na sauti, na watu walikata tiketi kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya filamu. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Afrika Mashariki tuliletewa kitu hicho na serikali ya kikoloni bila yenyewe kujua inaleta nini. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri huko Usambara, uliotengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Baadaye magari ya sinema yakaendelea kuzunguka vijijini, na mara nyingi mwenyeji alishika maiki akaeleza picha kwa lugha ya watu. Fikiria hali hiyo. Mzungu analeta picha za kufundisha watu kunawa mikono na kufuga kuku. Mwenyeji ameshika maiki. Watu wanacheka kwa nguvu mahali ambapo hakuna cha kuchekesha. Mzungu asiyejua lugha anaandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji wamefurahia somo.

Tanzania walimpata Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, aliyesimulia mikanda kwa Kiswahili kizito hadi jina lake likawa sababu ya kununua mkanda. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings alipoandika juu ya wasimulizi hao wa Dar es Salaam, kichwa cha makala yake kilikuwa kugeuza wali kuwa pilau. Uganda wana wavijei, akina VJ Jingo, na wakaenda hatua ambayo sisi Wakenya hatujaithubutu. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa pesa za kubahatisha na bunduki za kuchomelea, sauti ya VJ Emmie iliwekwa ndani ya filamu yenyewe. Emmie anaisifu filamu, anaicheka, anawatania waigizaji, anakuambia subiri mambo makubwa yanakuja. Ulimwengu ulipoiona mtandaoni miaka mitano baadaye, waliompenda Emmie walikuwa wengi kama waliompenda mtu yeyote anayeonekana kwenye skrini. Mwelekezi amekubali kuchekwa ndani ya kazi yake mwenyewe! Mtafute mwelekezi wa Nairobi mwenye moyo huo.

Na Nairobi tuna filamu inayolijua jambo hili vizuri kuliko wahakiki wetu. Nairobi Half Life ya 2012, mwelekezi Tosh Gitonga, ile iliyokuwa ya kwanza kutoka Kenya kupelekwa kugombea Oscar. Mwas, kijana aliyechezwa na Joseph Wairimu, anaanza wapi? Kijijini, anauza diski za filamu, na ili aziuze anaziigiza. Anasimama mbele ya wanakijiji akiwa steringi na jambazi kwa wakati mmoja, na watu wanaganda kumwangalia. Halafu filamu inampakia kwenye gari na kumleta mjini ili akawe mwigizaji. Ninaipenda ile filamu, nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara hapo ninagombana nayo. Awe mwigizaji mara ngapi? Alikuwa nacho tayari chote: hadhira, maandishi kichwani, mwili unaotii, na bidhaa ya kuuza mwishoni. Kilichokosekana kijijini ni mtu wa kuliita jambo lake kwa jina.

Sisemi kila aliyeshika maiki alikuwa mbunifu. Wengi walikuwa hovyo. Nimewasikia wasimulizi ambao mwanamke akitokea kwenye skrini kazi yao yote ni kumpima makalio, na filamu ya saa mbili inakuwa saa mbili za matusi kwa dada zetu waliokaa benchi la nyuma wakijifanya hawasikii. Nimesikia vichekesho vya makabila vilivyooza kabla ya filamu kuanza. Nimesikia mtu akiongea juu ya sehemu ambayo ilihitaji kimya, mama amemzika mwanawe, na jamaa bado anatafuta utani. Hayo yasemwe, tena yasemwe kwa majina ya kazi na kwa ukali, kama tunavyosema juu ya riwaya mbovu. Lakini huwezi kumkosoa msanii ambaye umekataa kwamba yupo. Miaka yote hii tumewaachia wasimulizi hukumu mbili tu: polisi na wanunuzi. Mnunuzi hamlipi mtu kwa kujizuia.

Kwa hiyo ninachotaka ni mambo ya kawaida kabisa. Mtayarishaji wa filamu wa Kenya mwenye haki zake mkononi amwite msimulizi, wakae, waandikiane, na filamu ile itoke kwa namna mbili, moja kimya na moja yenye mtu anayeongea, mapato yagawanywe. Nairobi Half Life ingekuwa ya kwanza ningeilipia tiketi. Hakuna sheria ya kubadilisha hapo, ni mkataba wa kurasa chache. Kumbi za mjini zinazotafuta onyesho la mtu mmoja zimtafute huyu kabla ya kununua la kigeni, na zimlipe kama mwigizaji, nauli ya kutoka Kitui ikiwa juu yao. Wanaofundisha maonyesho vyuoni waingize usimulizi wa video kwenye darasa la vichekesho, pale kwenye siku ya benshi, badala ya kuupeleka kwenye mhadhara wa uharamia.

Na kuna jambo ambalo halingoji chuo wala mkataba. Vibanda vingi vimefungwa, simu imevimaliza, na diski zinakufa. Joto la Ikutha halina huruma na plastiki. Uso unatoboka, picha inakwama, sauti inabaki inakwaruza halafu hata hiyo inapotea. Waliosimulia papo hapo bila kurekodiwa wameshapotea wote, pamoja na akina Musyoka wao. Commando yenyewe haitapotea kamwe, Hollywood ina maghala yenye baridi. Inayopotea ni Commando yetu, ile yenye watu ndani. Krismasi hii mkienda shags, ile katoni ya diski iliyo chini ya kitanda cha mjomba msiitupe. Nakilini sauti, hata kwa simu. Muulizeni mjomba nani alikuwa anaongea, aliongea kibanda gani, mwaka gani, na muandike jina hilo juu ya diski kwa kalamu isiyofutika, maana jalada lina picha ya Arnold tu.